Feni Sita na Bado Inachemka: Hii Vita ya Joto Ilianza Kitambo

Kila wiki lazima nipate DM moja ya aina hii: "Buda, PC yangu inachemka vibaya, niongeze feni ngapi?" Halafu picha inafuata. Kasha kali manze. Kioo mbele, kioo kando, taa za zambarau, feni sita zinazunguka kama mapambo ya matatu mpya ya Rongai. Mwenyewe amejinyima miezi kadhaa kuinunua, na si ya gemu peke yake. Anaedit video za harusi za watu, hiyo ndiyo kazi yake. Na video ikianza kurenda, baada ya nusu saa mashine inaanza kukokota miguu, feni zinalia kama ndege inayotaka kupaa Wilson, na mteja anapiga simu kuuliza kazi imefika wapi.

Jibu langu huwa halipendwi. Feni unazo za kutosha, shida ni kwamba hewa haina mahali pa kuingilia. Nimechoka kuandika hilo jibu mojamoja, kwa hivyo leo naliandika lote, na nitaanza mbali, 1946, kwa sababu makosa mengi tunayouziwa leo kwa bei ya juu yalishafanywa zamani na watu waliokuwa na pesa na akili kutuliko.

Tuelewane maneno kwanza. Huku kwetu lile sanduku lote tunaliita CPU. Hapa nitaliita kasha, na ile chipu inayofanya hesabu nitaiita prosesa. Mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niseme tarakilishi. Anisamehe.

Sasa, umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto. Wote. Prosesa haivuti mzigo wala haisagi mahindi, kwa hivyo hakuna mahali pengine pa kwenda. Kompyuta ikila wati 500, ni kama umewasha jiko dogo la umeme ndani ya sanduku ukafunga mfuniko. Ukitaka hilo joto libebwe na hewa, na hewa yenyewe ipande nyuzi 10 tu ikipita, unahitaji karibu lita 40 za hewa kila sekunde. Piga picha mitungi miwili ya lita 20, ile ya kuchotea maji, inamwagwa ndani ya kasha kila sekunde, na mingine miwili inatoka upande wa pili. Kazi hiyohiyo ukiwapa maji, yanatosha chini ya kijiko kimoja cha mezani kwa sekunde. Ndiyo maana kompyuta zikibanana sana watu hukimbilia vimiminika, na zikilegea kidogo wanarudi kwa hewa. Hewa ni ya bure na haivuji.

Nairobi tuna shida yetu ya ziada. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwa joto lilelile hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kati ya asilimia 15 na 20. Mtungi ni uleule, lakini ndani kuna hewa kidogo ya kubeba joto. Wanaounda seva wanalijua hili, na viwango vyao hupunguza kiwango cha juu cha joto la chumba kwa nyuzi moja kwa kila mita 300 ukishapita kama mita 900. Msee wa Mombasa naye hewa yake ni nzito, lakini inaingia kwenye kasha ikiwa tayari na nyuzi 31. Kila mtu na mzigo wake.

Haya, 1946. Mwezi wa Februari, Chuo Kikuu cha Pennsylvania pale Philadelphia kilionyesha umma mashine iliyoitwa ENIAC. Tani karibu 30, valvu za kioo karibu 18,000, umeme kilowati 150 hivi. Valvu ni mababu wa transista: kila moja ni kama taa ndogo ya zamani, na ndani ina waya unaowaka. Weka taa 18,000 kwenye chumba kimoja halafu uniambie hali ya hewa. Lakini angalia walichofanya waundaji wake, John Mauchly na Presper Eckert. Hewa ilikuwa kwenye mchoro tangu mwanzo. Kulikuwa na mabloa ya kusukuma hewa ndani ya makabati, na thamostati za kukata umeme joto likipita nyuzi 46 hivi za Selsiasi. Eckert pia aliendesha valvu chini kabisa ya uwezo wake ili zisichoke mapema. Na waliona valvu nyingi zinakufa wakati wa kuwasha na kuzima, vitu vinapopanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, kwa hivyo wakapendelea kuiacha ikiwaka usiku na mchana.

Hiyo ya kupanuka na kunywea ishike vizuri. Itarudi huko mbele, na itagharimu kampuni moja dola bilioni.

Mtu ninayempenda zaidi kwenye hii hadithi ni Seymour Cray. Alikuwa Control Data, na alihamisha maabara yake hadi mji mdogo wa Chippewa Falls, Wisconsin, ili mabosi wasimsumbue (ndoto ya kila mtu). Cray alielewa kitu ambacho sisi tunakisahau: kompyuta hazibanwi kwa urembo, zinabanwa kwa mwendo. Gawanya sekunde moja mara bilioni. Katika kipande kimoja hicho, mwanga wenyewe unasafiri sentimita 30 tu, yaani rula ya shule, na ishara ndani ya waya huenda polepole zaidi. Waya mrefu ni kuchelewa. Ukitaka mashine iwe haraka, sogeza vipande karibu. Ukisogeza vipande karibu, umejenga tanuri. Hakuna ujanja wa kuikwepa hiyo, ni ndoa ya Kikatoliki.

Kwa hivyo alipojenga CDC 6600, iliyotoka 1964 na kuwa kompyuta ya kasi kuliko zote duniani wakati huo, hakumwachia fundi wa mwisho afikirie joto. Alifanya kazi na Dean Roush, mhandisi aliyekuwa ametoka Amana, kampuni ya friji. Soma tena. Ili kujenga kompyuta kali kuliko zote duniani, jamaa alitafuta mtu wa friji. Wakapitisha mabomba ya Freon, gesi ileile ya friji za enzi hizo, katikati ya saketi.

Kisha akaanzisha kampuni yake, na 1976 Cray-1 ya kwanza ikafika Los Alamos. Ukitafuta picha yake utaipenda: nguzo zimesimama kwa umbo la herufi C, na chini yake kuna kiti cha duara kama sofa. Watu hudhani ni pambo. Ile C ilikuwa ya kufupisha waya, zisizidi kama mita 1.2, na ndani ya sofa ndimo vilimokaa vifaa vya kugawa umeme. Ilikula kilowati 115 hivi. Joto lilitoka kwenye chipu, likaingia kwenye bamba la shaba, kutoka hapo hadi kwenye nguzo za alumini zenye mabomba ya Freon ndani, likaondoka. Kila hatua ilichorwa. Na bado ilisumbua: mafuta yanayochanganywa na Freon ili kompresa ifanye kazi yalivuja, yakapaka saketi, zikapiga shoti. Mashine ya kwanza ilichelewa miezi kadhaa hadi wakapata njia mpya ya kuchomelea mabomba. Kompyuta ya mamilioni ya dola ikasubiri welda. Mimi hiyo huwa inanifurahisha kila nikiikumbuka.

Cray-2 ya 1985 ilienda mbali zaidi. Vipande vilikuwa vimerundikwa hadi hewa haikuwa na pa kupita kabisa, kwa hivyo wakaizamisha mashine yote ndani ya Fluorinert, kimiminika cha 3M kisichopitisha umeme. Kilikuwa kinapita katikati ya saketi unakiona kwa macho, kama samaki tu ndio wamekosekana. Vimiminika vya ukoo huo havioozi kwenye mazingira, na Desemba 2022 3M ilitangaza inaacha kutengeneza kemikali za jamii hiyo ifikapo mwisho wa 2025. Ukiona mtu anakuuzia hadithi ya kuzamisha PC kwenye mafuta kama jambo jipya, mwambie lina umri wa mamake.

Mpaka hapo hao wote walikuwa wanauzia serikali na maabara. Mteja ana mafundi, ana chumba baridi, ana bajeti. Mambo yalibadilika kompyuta ilipoingia nyumbani, kwa sababu hapo ndipo sura ya kasha ilianza kuamuliwa kabla ya hewa.

Apple III ilitangazwa Mei 1980. Steve Jobs hakutaka feni, hakutaka matundu, alitaka kimya. Kasha likawa pande la alumini nzito lililotarajiwa kulinyonya joto lote na kulitoa kupitia ngozi yake. Mashine zikaanza kufa mikononi mwa wateja. Chipu zilikuwa zinajitoa kwenye soketi zake, na ushauri uliotolewa ni maarufu hadi leo: inua sehemu ya mbele sentimita chache, iangushe mezani, chipu zitarudi mahali pake. Kompyuta ya biashara, bei ya dola elfu nne na zaidi, tiba yake ni kuibwaga. Apple ilibadilisha mashine 14,000 hivi.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. Jerry Manock, aliyechora lile kasha, alikataa lawama. Alisema vipimo vilionyesha kasha linatoa joto vizuri, na kosa kubwa lilikuwa kwenye bodi yenyewe, iliyokuwa na mistari ya shaba myembamba na iliyobanana hadi ikawa inapiga shoti. Mimi naamini kuna ukweli kwake. Lakini hebu jiulize bodi ilibanwa kwa nini. Kasha lilikuwa limeshaamuliwa ukubwa, na wahandisi wakaambiwa waingize kila kitu humo. Ukianza na sanduku, kila kosa lingine linazaliwa ndani yake.

Na hawakuacha. Macintosh ya 1984 haikuwa na feni, na feni ikaja na Macintosh SE ya 1987. Mwaka 2000 wakarudi tena na Power Mac G4 Cube, mchemraba mzuri sana usio na feni, hewa inaingia chini na kutokea juu kama bomba la moshi. Wazo si baya, hewa moto hupanda yenyewe. Lakini tundu la kutokea liko juu, na juu ya kitu bapa mezani binadamu ataweka nini? Karatasi. Kufikia Julai 2001 walikuwa wamesimamisha kuitengeneza, ingawa bei nayo ilichangia. Mac Pro ya 2013, ile ya mviringo kama pipa dogo jeusi, ilikuwa na feni moja tu na nguzo ya pembetatu katikati. Mwaka 2017 wakubwa wa Apple wenyewe walikiri mbele ya waandishi kwamba walikuwa wamejifungia kwenye kona kwa sababu ya joto. Iliyofuata, ya 2019, ina uso mzima wa matundu. Miaka karibu 40 kujifunza kwamba mashine inapumua.

Upande wa hizi PC zetu za kawaida, hadithi ni ya utani zaidi. Pentium ya kwanza, 1993, ilikuwa inakula kama wati 16 kwa ile ya megahazi 66. Kufikia 2004, Pentium 4 za kizazi kilichoitwa Prescott zilikuwa zimepita 100. Miaka 11, mara sita. Intel ilikuwa imeshaiona hiyo njia inaenda wapi: mwaka 2001 Pat Gelsinger alisimama kwenye mkutano wa wahandisi akaonyesha kwamba wakiendelea hivyo, kila sentimita ya chipu ingekuja kuwa na joto kama la mtambo wa nyuklia, na baadaye kama uso wa jua. Watu walicheka, halafu wakaenda kupanua mapezi ya chuma ya kupozea prosesa.

Muundo wa kasha uliokuwepo, na ulioko hadi leo kwenye meza yako, unaitwa ATX. Intel waliutoa 1995. Toleo la kwanza lilikuwa na wazo la ajabu: feni ya sapulai ya umeme ivute hewa kutoka nje na kuipulizia prosesa. Inaonekana poa, mpaka ukumbuke kwamba sapulai yenyewe ni moto. Prosesa ikawa inapulizwa na pumzi ya jirani mwenye homa. Wakageuza feni, hewa ikawa inatoka badala ya kuingia.

Prosesa zilipokuwa moto kupindukia, Intel wakaleta BTX, 2004. Na BTX, wasee, ilikuwa sawa. Prosesa ilihamishwa mbele karibu na feni moja kubwa ndani ya kifereji cha plastiki, hewa baridi inaingia mbele, inapita juu ya prosesa, inagusa kadi ya picha, inatokea nyuma. Mstari mmoja ulionyooka. Hakuna kona wala mzunguko. Kwa nini hutumii BTX leo? Kwa sababu mwaka huohuo wa 2004 Intel walifutilia mbali prosesa mpya za ukoo wa Pentium 4 zilizokuwa zinakuja, wakaachana na mbio za gigahazi, na 2006 wakatoa Core 2 Duo, nyingi zikiwa za wati 65. Moto ukapungua, kila mtu tayari alikuwa na vipuri vya ATX, BTX ikafa mwaka huo. Ugonjwa ulipona kidogo, mgonjwa akatupa dawa.

Ila haikufa kabisa, na hii inakuhusu. Dell ilitumia BTX kwenye kompyuta zake za ofisini za Optiplex, na hata baada ya hapo kompyuta nyingi za ofisi zimebaki na kile kifereji cha plastiki kinachoongoza hewa kutoka mbele hadi kwenye prosesa. Hizo ndizo zinazotua hapa kama ex-UK, unazikuta zimepangwa Luthuli na Moi Avenue kama mikate. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja fundi akifungua moja, anatoa ile plastiki, anaitupa kando. "Hii ni ya nini? Inajaza tu." Anaongeza RAM, anafunga, anakuuzia. Umenunua mashine iliyokatwa koo. Ukinunua ex-UK, ifungue palepale mbele yake uulize ile plastiki iko wapi.

Sasa ile dola bilioni. Novemba 2005 Microsoft walitoa Xbox 360. Kasha jembamba, jeupe, limebonyea katikati kama limevuta pumzi. Ndani, msomaji wa DVD alikaa juu ya chipu ya picha, kwa hivyo chuma cha kupozea hiyo chipu kilibidi kiwe kifupi kitoshee chini yake. Muda si mrefu konsoli zikaanza kufa zikiwasha taa tatu nyekundu. Julai 2007 Microsoft walirefusha waranti ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kuilipia. Na chanzo? Kwenye filamu ya historia ya Xbox iliyotoka Desemba 2021, watu wao wenyewe walieleza: viungio vidogo ndani ya chipu vilikuwa vinapasuka kwa sababu mchezaji akiwasha kuna joto, akizima kuna baridi, panuka, nywea, panuka, nywea, kila siku. Kilekile Eckert alichokiona na valvu zake miaka 60 kabla. Ila ENIAC ungeweza kuiacha ikiwaka. Konsoli ya mtoto wa shule huizimwa na mamake.

Kulikuwa na dawa ya mtaani wakati huo: funga Xbox kwenye taulo, iache ijichome, vile viungio vipanuke vigusane tena. Ilikuwa inafanya kazi siku mbili tatu. Nimeona huku vibanda vya gemu vinavyofanya kinyume chake, konsoli imewekwa juu ya vifuniko vinne vya soda ili hewa ipite chini, feni ya mezani imeelekezwa mgongoni. Yule kijana wa kibanda hajasomea uhandisi, lakini mashine yake ikifa leo, leo hali. Ndiyo maana ameelewa.

Na wanaoendesha mashine nyingi kuliko wote wanafanya nini? Kwenye vyumba vya seva, kwa miaka mingi makabati yalipangwa yote yakiangalia upande mmoja, kama wanafunzi darasani. Safu ya kwanza inatoa hewa moto usoni pa safu ya pili, ya pili usoni pa ya tatu. Mwaka 1992 Robert Sullivan wa IBM alipendekeza kitu rahisi hadi kinaudhi: yageuze yaangaliane. Uso kwa uso, mgongo kwa mgongo. Njia moja inakuwa ya hewa baridi, inayofuata ya hewa moto. Hakuna feni iliyoongezwa. Ni kupanga tu.

Halafu 2011, Facebook walifungua kituo chao cha Prineville, Oregon, na wakaweka michoro ya seva zao hadharani kwa mradi wa Open Compute. Ukiona hizo seva utadhani hazijamalizwa. Hazina rangi, hazina nembo, hazina uso wa plastiki mbele, kwa sababu ule uso ulikuwa unazuia hewa. Walizifanya ziwe nene kuliko kawaida kwa nusu kimo, si nyembamba, ili ziingie feni za milimita 60 badala ya zile za 40 zinazopiga mbinja. Feni kubwa inasukuma hewa ileile ikizunguka polepole, na umeme wa feni hupanda vibaya sana ukiongeza mwendo: ukizungusha mara mbili, unalipa karibu mara nane. Kwa kila wati 100 zilizoenda kwa kompyuta pale, mambo mengine yote pamoja na upoaji yalichukua kama 7.

Kwa hivyo kampuni yenye mabilioni ya dola iliona kipande cha plastiki usoni ni hasara ikakivua. Na sisi, wenye bajeti ya kuchanga, tunauziwa kioo kizima mbele ya feni tatu. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Feni inayovuta hewa nyuma ya kioo ni kama mtu anakimbia marathoni ya Eldoret ameziba pua kwa kiganja. Inazunguka, inawaka, inapendeza kwa picha, na inatafuta hewa kwenye ule upenyo wa kidole pembeni. Watengenezaji wakubwa walipopigiwa kelele walianza kurudisha nyuso za wavu. Vya bei ya chini bado vinakuja na kioo, na ndivyo vinavyojaa madukani kwetu, kwa sababu kinachouza dukani ni taa. Muuzaji hatakuwepo wakati video ya mteja inagoma saa sita usiku.

Kwa waliouliza kuhusu maji: ndiyo, vimiminika vimerudi, na si mtindo. Rafu moja ya Nvidia ya GB200 NVL72, iliyotangazwa 2024 kwa kazi za AI, inakula kama kilowati 120. Hiyo ni zaidi ya Cray-1 nzima pamoja na sofa yake, kwenye kabati moja, na inapozwa kwa kimiminika kwa sababu hewa haiwezi tena. Lakini wewe una wati 400 au 500 kwenye sanduku lenye nafasi tele. Hewa inakutosha kabisa ikipata mlango. Ile pampu ya maji ya elfu kumi na kitu unayotaka kununua itatoa joto kwenye prosesa, ilipeleke kwenye redieta, na redieta hiyo utaifunga wapi? Nyuma ya kilekile kioo.

Kabla hujatuma pesa mahali popote, fanya hivi. Nunua udi wa kijiti, ule wa shilingi chache. Washa kompyuta, ipe kazi nzito dakika ishirini, zima feni ya chumba. Shika kijiti mbele ya kasha uone moshi unavutwa na wapi. Kama unapita pembeni bila kuingia, toa ule uso wa kioo, rudia, uangalie namba za joto zinashuka ngapi. Kisha peleka kijiti juu. Wengi wenu mna feni ya juu mbele inayotupa nje hewa baridi hata kabla haijafika kwenye prosesa. Hiyo izime tu. Peleka nyuma, hapo moshi unafaa kusukumwa mbali. Na ukiona moshi uliotoka nyuma unazunguka unarudi kuingia mbele, basi kasha lako limebanwa ukutani au ndani ya meza yenye mlango. Livute sentimita 20 mbele, ufute lile vumbi la tangu uchaguzi uliopita, halafu uniandikie ukiwa na namba.